Maji ya Kuoshea Mbegu

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, ila usingizi haunitoshi. Fundi wa kuchomelea hapa jirani anaanza kugonga alfajiri.

Ndani ya kifurushi kuna mbegu za klova nyekundu, majani ya kulishia ng'ombe. Usizifukie kama mahindi. Zinyunyize juu juu, kisha uburuze tawi zifunikwe kidogo. Na tusisahau tulivyokubaliana: ikifika Julai shamba halimlishi ng'ombe wako Kipaji, tunamuuza, nawe unahamia kwangu. Chumba nimeshakipaka rangi.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mwenyewe silalamiki. Mbegu zilifika zimejaa masizi, sijui ulizinunua kwa muuza mkaa. Nimeziosha maji matatu mpaka zikang'aa, ndipo nikapanda. Na rangi gani hiyo umepaka bila kuniuliza?

Mama yako

2 Aprili

Mama, shikamoo.

Yale hayakuwa masizi. Ule unga una bakteria wanaokaa kwenye mizizi na kuilisha klova. Bila wao inadumaa. Kosa ni langu, sikukwambia. Imeota? Ikoje?

Mwanao

30 Aprili

Mama,

Shikamoo tena. Nimefungua shajara yangu: siku ishirini na nane tangu nikuandikie, bila neno lako. Kitanda chako nimekihamisha kutoka ukuta huu kwenda ule, nikakirudisha. Usinifiche. Kama imekufa sema, nije kukuchukua.

Mwanao

26 Juni

Mwanangu msumbufu,

Marahaba zote mbili. Sijambo. Nilikaa kimya kwa sababu shamba lilikuwa limepauka njano, na nilijua ukisoma hivyo tu utapanda gari.

Halafu Kipaji akakata kamba. Nikamkuta nyuma ya jiko anatafuna klova ya kijani kibichi, ndefu ya kunifikia gotini, hilo hilo bovu. Ni pale nilipomwaga maji ya kuoshea. Mbegu kadhaa zilinitoroka humo. Nikaitafuta barua yako, nikaisoma upya: kumbe bakteria wako niliwamwaga pale. Tangu hapo ni mwezi mzima nabeba udongo wa pale kwa ndoo, nauchanganya shambani siku za mawingu, jua lisiwaue. Mistari ya mwanzo imeshabadilika rangi. Jana nimekata mzigo wa kwanza, nikauacha unyauke asije akavimba tumbo. Kamaliza wote, kisha kanitazama kama nimemnyima.

Julai njoo kama tulivyokubaliana, ila uje na mundu. Kitanda kiache ukuta wowote. Nikija kukusalimia nitalala siku mbili.

Mama yako