Ubeti wa Mwisho

Uko zamu? Nijibu upesi!

Nimetoka kutazama sehemu ya pili ya ile tamthilia ya runinga kuhusu rais. Mshairi aliyemkejeli waziri wamemkamata! Unajua wamemjuaje? Ubeti wa mwisho alijitaja jina!

Alijitaja mwenyewe, kama mimi!

Mjomba, dereva wa meneja wetu, alikuwa kando yangu. Akacheka: "Haya mpwa, na aliyembandikia meneja shairi pale kiwandani, naye kajitaja?" Nikatoka nje kukuandikia. Kajitaja, ndugu yangu! Kajitaja kwa mbwembwe!

Meneja anarudi safari kwa ndege saa tisa. Akilisoma, kazi sina.

Kimbia kwenye ubao wa matangazo, uchane ubeti wa mwisho. Huo tu! Zile tatu za juu ziache, vina vimekaa.