Raya na mtaro wa Pasua

Rukaiya, kama unakula weka sahani pembeni kwanza. Huu mtaa wetu wa Pasua umenitia kinyaa!

Unajua yule fundi cherehani Raya alivyozibua mtaro wiki nzima peke yake, na koleo lake, kila akifunga kazi. Watu wanapita, "hongera mama," wanaenda zao.

Leo mvua imeshuka, Raya akasikia harufu. Kutoka nje, mtaro unatiririka MAVI. Nyumba za juu zimetapisha vyoo. Zote, shoga yangu. Zote!

Akaenda kwa Mzee Augustino, nyumba ya kwanza huko juu. "Shikamoo baba. Mnafungulia choo mtaroni na watoto wanapita hapa?"

Mzee yuko barazani na chai yake, wala hashtuki. "Marahaba mwanangu. Mwaka jana mtaro ulikuwa umeziba, tulishindwa. Asante kwa kutuzibulia."

ASANTE KWA KUTUZIBULIA!! Raya akatoa simu palepale.

Akampigia mwenyekiti wa mtaa. Naye anamwambia, "Usafi unaanza na mtu binafsi, mama. Endelea na moyo huohuo."

Raya akakata simu. Akajaza udongo kwenye viroba, akavipanga mtaroni chini kidogo ya nyumba ya mzee, akaziba kabisa. Uchafu ukarudi ulikotoka, ukapanda baraza, ukaingia mpaka sebuleni.

Sasa hivi mwenyekiti anapita na kipaza sauti, kikao cha dharura. Nikamuuliza dirishani, "Tunajadili vyoo?"

"Vyoo vya nini? Tunamjadili Raya."