Bakuli la Tambi Nililolila Nikitazama Ukuta

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako mume wangu, Baba Tusekile,

Salamu zangu zitangulie kupanda milima ndipo maneno mengine yafuate. Mguu unaendeleaje? Kwenye simu ulisema umepona, lakini wewe hata siku ile ulipoanguka kwenye kahawa ulisema umepona ukiwa bado uko chini. Na mama anakula? Kama bado anaukataa ugali wa yule binti wa jirani, mwambieni aupike laini, asiusonge kama anawapikia wapasua mbao. Huyo mwanetu wa mwisho naye umwambie viatu vya shule siyo vya kuchezea mpira.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Siyo uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Huu nalala nao, naamka nao, naubeba mgongoni kama mtoto asiyetaka kutembea. Malori yamejipanga tangu mpakani mpaka huku tunakouzia, vumbi lao tunalila, na mvua ikinyesha tunakanyaga tope la mafuta. Magunia nayo yamekuwa mazito kuliko zamani, au mimi ndiye niliyepungua. Lakini maharage yetu bado ndiyo yanayoongoza sokoni, hilo siwezi kulificha. Wanawake wa Nakonde wakivuka wanapita meza za wenzangu zote, wanauliza, yule mama wa maharage ya milimani leo yuko wapi.

Sasa jambo langu. Nimeliandika kwa sababu simu yako unaisikiliza kwa spika, tena ukiwa na wazee wenzako. Nikikohoa hapa Tunduma, kijiji kizima kinanipa pole. Hili huko kijijini lianze kwako peke yako. Lisome umekaa.

Ni habari ya Tusekile wetu. Kazini anaendelea vizuri. Pale ofisini kwao wanaposhughulikia karatasi za malori, yeye ndiye anayeulizwa. Nimeona kwa macho yangu dereva mwenye ndevu mpaka kifuani amesimama mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza, anasema sista nisaidie. Sokoni siku hizi hawaniiti kwa jina, wananiita Mama Ofisi, na mimi naitika.

Unakumbuka Krismasi alipokuja nyumbani akatuambia amepata mwenzake. Akasema anaitwa Joeli, mtoto wa Mlowo, ni mpishi kwenye mkahawa wa Wachina huku Tunduma. Wewe uliuliza neno moja tu, "Mpishi?" Kisha ukasema hutapokea washenga wa mwanaume anayekanda unga, ukachukua kofia yako ukaenda shambani. Mimi sikukupinga. Nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu sokoni kwamba binti yangu ataolewa na afisa.

Tangu siku hiyo mtoto hajakanyaga nyumbani. Pasaka ulimsubiri na kuku ukamfunga kamba, hakuja. Anakuambia kazi ni nyingi. Ni nyingi kweli, lakini sababu siyo hiyo, na wewe unajua. Mimi aliniambia wazi tukichambua maharage. Alisema, "Mama, sitatoroka naye, hukunilea hivyo. Ila baba akikataa sitaolewa na mwingine. Na nyumbani nitakuwa nakuja kwenye misiba tu." Hakupandisha sauti. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo kama amesema kesho kutakuwa na jua. Ndipo nilipoogopa, maana ndivyo wewe unavyosema mambo usiyoyarudia.

Basi jana mchana alikuja mezani kwangu, akachukua kopo langu la kupimia akaligeuza chini juu.

"Mama, leo funga mapema. Nakupeleka kula."

"Kula wapi? Nimekula kiazi."

"Kiazi siyo chakula cha mtu aliyesimama tangu asubuhi. Twende kwa Wachina."

Nikajua ananipeleka wapi. Nikasema siendi. Jirani yangu wa meza, Mama Chanda wa Nakonde, yule anayeuza dagaa, akadakia bila kuulizwa, na mukwai yao ya heshima: "Mama Ofisi, nenda mukwai. Mwanamke anayemkataa mkwe anayejua kupika, huyo hajawahi kuugua akaachwa ndani na mwanaume asiyejua hata kuchemsha maji." Wanawake wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana nilikumbuka malaria yangu na ule uji wako. Usikasirike. Nikaenda chumbani nikavaa kitenge cha kwaya.

Mkahawa wenyewe siyo mkubwa. Uko nyuma ya maegesho ya malori, viti vya plastiki, mlangoni wametundika taa nyekundu za karatasi. Nilitegemea Wachina watupu, kumbe wamejaa watu wetu. Madereva, vijana wa kubadilisha fedha, mama mmoja na mtoto mgongoni, wote wameinamia mabakuli wanavuta tambi kwa sauti kama ng'ombe wanaokunywa mtoni, na hakuna anayemkemea mwenzake. Supu yenyewe inanukia tangawizi na nyama iliyochemka muda mrefu.

Mwenye mkahawa ni mama wa Kichina, mtu mzima kama mimi, amevaa kandambili. Alinitazama usoni, halafu miguuni, akanivutia kiti chenye mto. "Mama ya Tuse, kaa. Wewe choka sana." Baba Tusekile, tangu niondoke nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo kabla sijasema mwenyewe. Nikakaa.

Jikoni kuna dirisha la kioo, na nyuma yake nikamwona kijana. Mrefu, mweusi wa kwetu, mikono imejaa unga. Ameshika donge kama letu la chapati. Akalivuta mpaka mikono ikawa imetanda kama anayeomba, akalikunja, akalipiga mezani, akalivuta tena. Kila akikunja zinakuwa nyingi zaidi, mpaka zikawa nyuzi nyembamba kama za kufumia, na hakuna iliyokatika. Nimekanda unga tangu niko msichana, wewe unazijua chapati zangu, hakuna wa kunifundisha. Lakini ule mkono sijawahi kuuona. Tusekile alikuwa ananitazama mimi tu.

Akaja nazo mwenyewe, mabakuli matatu kwenye sinia. Kumbe yule mama alishapanga mambo yake. Akamwelekeza kiti mbele yangu kabisa, akamwambia, "Kaa. Kula na mama. Mgeni mkubwa, mpishi kula pamoja." Huko kwao hiyo ni heshima, nilielewa.

Yule kijana aliweka mabakuli, akarudi nyuma, akavua kofia ya jikoni, macho chini. Mimi hakunisemesha. Akamwambia Tusekile, kwa sauti ya chini, "Muulize mama. Nikae, au nirudi jikoni?"

Wewe unajua alichouliza. Wanyiha wa Mlowo na sisi wa milimani kwa hili ni wamoja, mama hafungui mdomo kula mbele ya mkwe wake. Akikaa tukala pamoja, basi yeye ni kijana wa watu tu, kama dereva yeyote aliyejaza pale, na habari imeishia hapo. Nikisema arudi jikoni, nimemwita mkwe, wewe ukiwa hujamwona hata mshenga. Yule mama wa Kichina alisimama pale anatabasamu, hajui amenitegea nini. Na mtoto wetu ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nikakufikiria wewe. Nikafikiria kofia yako na mlango ulivyoufunga. Nikamjibu Tusekile, "Mwambie akae. Kiti hakina mwenyewe."

Akakaa. Hakununa, hakubisha. Alishika vijiti vyake akasubiri mkubwa aanze. Tusekile akainamisha uso kwenye bakuli, na nikaona tone limedondokea kwenye supu. Alijifanya ni pilipili.

Nikaomba uma, vile vijiti mimi siviwezi. Nikakunja tambi, nikainua. Tambi zenyewe hazina adabu, mume wangu, huwezi kuzila ukiwa umefunga mdomo. Inabidi utoe shingo, ufungue mdomo wote, uvute, na nyingine inakuchapa kidevuni. Nikainua uma mpaka mdomoni. Mdomo ukakataa. Nikashusha. Nikainua tena, na safari hii mkono wangu wa kushoto, sikuutuma mimi, ulishika upindo wa kitenge ukaupandisha mpaka puani.

Nikajiuliza, wewe mwanamke, haya hii umeitoa wapi? Kila siku nakula mbele ya wapagazi. Nimekula muhindi wa kuchoma katikati ya barabara, wanaume wamejaa, mafuta ya malori miguuni, sikufunika hata jino moja. Mbele ya mtu baki mdomo wangu haujawahi kuwa na aibu. Sasa mbele ya huyu unafunikwa kwa kitenge. Kichwa kilikuwa kinamwita kijana wa watu, lakini mwili ulikuwa umeshamjua ni nani tangu alipouliza swali lake amesimama.

Nikainuka. Tusekile akadhani naondoka, akaanza, "Mama, tafadhali." Nilishika kiti changu nikakigeuza, nikachukua bakuli langu, nikakaa nimetazama ukuta, mgongo wangu kwao.

Kisha nikasikia kiti chake kinasogezwa polepole, na hatua zinazorudi jikoni. Bakuli lake aliliacha vilevile, hajaonja. Yule mama wa Kichina akanijia mbio, uso umembadilika. "Mama, chakula mbaya? Chumvi nyingi?" Nikamwambia chakula ni kizuri, mama, tatizo ni kizuri. Hakuelewa. Tusekile akamwelezea huku analia na kucheka pamoja, na yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akatazama ukuta, akasema, "Basi mama kula. Ukuta yangu safi." Akaniongezea nyama.

Nikageuza shingo kidogo nione kule jikoni. Lile dirisha la kioo, kijana alikuwa ameshalitundikia kitambaa cha meza, ili mama mkwe wake ale bila kuonekana. Hakuna aliyemtuma. Nyuma ya kitambaa nikawa nasikia unga unapigwa mezani, pa, pa, pa. Nikala. Nikavuta tambi kwa sauti kama wale madereva, nikanywa supu mpaka chini, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilikula kitu cha moto nimekaa, kimepikwa na mkono ambao siyo wangu.

Wakati wa kurudi Tusekile alinibebea mkoba. Njia nzima alisema neno moja tu, "Asante, mama." Na mimi nikamwambia asinishukuru mapema, bado kuna mwanaume mwenye kofia kule milimani.

Kwa hiyo, Baba Tusekile, nimekwisha kulifanya. Nimekutangulia, na kwa mila ya kwetu mgongo niliompa siwezi kuurudisha. Ukikataa sasa, mimi nitabaki na mkwe asiye na mke, sijui hilo linaitwaje. Ukitaka kunilaumu, nilaumu nikija, nitakaa nisikie. Ila kwanza pokea washenga wake. Wako tayari, wanasubiri neno lako tu. Na usiseme tena mwanaume anayekanda unga. Leo kanisani nimeshawaambia wale wamama wa kiti cha mbele kwamba mkwe wangu anavuta unga mrefu kuliko lori na haukatiki, na mmoja wao mwenye mkwe afisa akaniuliza huo mkahawa uko wapi.

Utaona pia kwamba jina lake nimeliandika mara moja tu, kule juu, nilipokuwa nakukumbusha ya Krismasi. Tangu hapo siliandiki, na kulitamka sitalitamka, maana mama hamtaji mkwe wake kwa jina. Nawe ukinitajia nitaziba masikio.

Nisalimie mama yako, mwambie nimemwekea kitenge kizito cha baridi. Msalimie mdogo wako anayekusaidia kupogoa kahawa, asipogoe na ile ya karibu na choo, ile ni yangu. Mchungaji na mke wake, wasalimie. Binti wa jirani anayewapikia, mshukuru. Mwanetu wa mwisho mwambie dada yake atakuja, lakini usimwambie lini, maana siku hiyo iko mikononi mwako.

Na jambo la mwisho. Washenga wakija, yeye atakuja nyuma yao. Wewe kwa mila huna kizuizi kama changu. Mwite ndani, umkaribishe ugali, kaa naye sahani moja, umtazame vizuri. Tazama kama ananawa kabla, kama anamwachia mkubwa mnofu, kama anakula taratibu au kwa pupa. Mimi miaka yote iliyobaki sitamwona mtu huyo akila. Wewe ndiye utakayenisimulia.

Ni mimi mke wako niliyechoka, lakini nimeshiba,

Mama Tusekile