Kwani Migongo Imeisha Tunduma?

Mjukuu wangu Neema,

Huku wazima, mahindi yamekauka vizuri. Wewe ndiye unayenichosha. Shangazi yako ametoka kijijini Ruanda kuja kukulelea mtoto, umemrudisha eti unamudu, kisha unaniuliza mimi niliwezaje peke yangu.

Nilikuwa nauza maharage mpakani Tunduma, baba yako akilia mgongoni. Mimi nisiyekosea hesabu nikampimia mteja madebe matano badala ya manne. Mama Halima, jirani yangu wa meza, akamchukua mtoto, akambeba kwa kitenge chake, akaendelea kuuza mchele.

“Atakusumbua,” nikamwambia.

“Kwani migongo imeisha Tunduma? Pima maharage, mama.”

Nikapima.

Shangazi yako anarudi kwako Ijumaa, nimeshamkatia tiketi. Mpe mtoto, ukalale.

Bibi yako