Mito ya Shangazi na Kifua Changu

Nyumba yenye geti la kijani,
Nyuma ya shule ya msingi.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine juu yake, maana barua hii ina jambo zito ndani na nimeona moja haitatosha. Hujambo? Lile goti la kushoto limetulia, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na bata hawajambo? Yule jike mkali aliyemfukuza msoma mita hadi barabarani, bado anashikilia cheo chake?

Sisi huku ni wazima. Mume wangu anaendelea kupaka rangi nyumba za watu huku ya kwetu ikibanduka. Mimi nami sijambo, na safari hii nikisema sijambo si la kuitikia salamu tu, kama utakavyoona mbele.

Kifua chako sikiulizi. Kila nikikiuliza kwenye simu unasema mtandao mbaya, kisha unakata. Juzi tulimsema mke wa binamu kwa raha zetu na mtandao ulikuwa safi kabisa. Nilipotaja tu kikohozi chako, ukaharibika. Ndiyo maana naandika. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, hata ukifika mahali pa kunikasirikia. Mahali penyewe papo.

Jambo lenyewe linahusu ile mito miwili ya manyoya ya bata uliyonishonea, na linakuhusu wewe pia. Nitalifikia. Niruhusu nizunguke kidogo kwanza, kwa sababu kulisema moja kwa moja nimejaribu nikashindwa, na karatasi nimechana.

Unaukumbuka mto wa kwanza, ulionipa nilipoolewa. Manyoya yake uliyakusanya tangu nikiwa sekondari, ukayaosha, ukayaanika ndani ya chandarua yasipeperuke. Foronya uliidarizi mwenyewe, ua jekundu kila kona. Ulinikabidhi mbele ya watu wote ukasema kichwa cha mtoto wa kaka yako hakitalalia sponji kama kichwa cha mtu asiye na kwao. Watu walikupigia makofi, na mimi nililia mpaka wanja ukafika shingoni.

Haukupita muda mrefu nikaanza. Kwanza chafya, na si ile chafya moja ya kistaarabu mtu akaomba radhi yakaisha. Zilikuja kwa mfululizo, nikimaliza nimesahau nilikuwa naongea nini. Yakafuata macho kuwasha, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Alfajiri moja mume wangu aliamka akaenda jikoni kuzima birika. Akalikuta rafuni, kavu. Aliporudi alisimama mlangoni akatega sikio, ndipo akagundua birika ni mimi.

Kliniki wakasema ni pumu. Wakanipa inhela, kile kichupa cha kuvutia dawa kwa mdomo, wakanifundisha kukitumia. Wakaniambia pia kwamba huenda nina mzio wa kitu fulani, nikichunguze kitu hicho ni nini. Hapo ndipo nyumba yetu ilipogeuka kituo cha polisi.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mume wangu, kwa vumbi la msasa na harufu ya rangi. Nikaamuru avue nguo za kazi uani na aoge kwa bomba la nje kabla ya kukanyaga sebuleni. Mtu mzima na heshima zake, Shangazi, kila jioni anaoga nyuma ya turubai huku akiwaitikia salamu wapita njia kwa juu ya ukuta. Alivumilia bila kinyongo. Mimi sikupona.

Nikahamia kazini. Unajua tunashona sare za shule, na pale vumbi la vitambaa halikosi. Siku moja chafya ilinikamata mkasi ukiwa katikati ya kitambaa, na yupo mtoto mahali fulani anayevaa shati ambalo upande mmoja wa kola ni mfupi kuliko mwenzake. Bosi akanitoa kwenye meza ya kukata, akanikalisha dirishani nishone vifungo nikiwa na barakoa. Tangu siku hiyo ananiita Mama Chafya, na wateja wamelidaka jina. Ajabu ni kwamba nilikuwa nafika pale nahema, ikifika mchana napumua kama kawaida, nikilala kwangu naamka nimebanwa tena. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikasema basi kazini wananichosha.

Tukamgeukia paka. Jirani yetu, yule mwalimu mkuu mstaafu, ana paka mmoja mnene wa rangi ya majivu anayetembea juu ya ukuta polepole kama anakagua mali zake. Mtaa mzima unamwita Mheshimiwa. Nilikwenda kumlalamikia mwenye paka, naye akanijibu kwa sauti ya mstarini asubuhi.

"Ushahidi uko wapi? Paka wangu anajisafisha kutwa nzima. Mumeo namwona akioga jioni tu."

Na kweli alikuwa akimwona. Hata hivyo ni mtu muungwana, akamfungia Mheshimiwa ndani. Paka akawa analia dirishani kama mfungwa, na jirani akaacha kunisalimia. Sikupona vilevile.

Sasa sikia tulivyokuwa tunajitibu. Kila kifua kilipobana, mume wangu alisema neno moja: mto. Akimaanisha mto wako. Kwetu ule ndio uliokuwa mto wa heshima, wa mgonjwa na wa siku ngumu. Ananiinua, ananiegemeza, anaupigapiga uvimbe vizuri karibu na pua yangu. Nikizidiwa, anaupigapiga zaidi. Halafu nikakupigia simu kukueleza kwamba siku hizi naumwa, nawe kwa huruma zako ukatuma wa pili kwa dereva wa basi, mkubwa kuliko wa kwanza. Tukafurahi mno. Nikawa nalala nimeketi, bata wako wote wamenizunguka, na hali inazidi kuwa mbaya, na sisi tunasema ahsante Mungu kwa Shangazi, bila hii mito ingekuwaje.

Mwezi wa nne nilizidiwa kweli. Sikuweza kumaliza sentensi, hata jina la mume wangu nililikatisha katikati. Inhela haikunituliza. Alinipakia kwenye gari la kazi kati ya ndoo za rangi, akaendesha huku mkono mmoja umenishika goti. Nilidhani nakufa, Shangazi. Sijamwambia mtu mwingine, maana hapa kwetu nimelifanya kichekesho. Unavuta hewa na hewa haiji. Sitaki mtu yeyote ninayempenda aijue hali ile.

Hospitali wakanivisha kinyago chenye dawa ya mvuke. Ilipofika mchana nilikuwa nimeketi, nauliza chakula. Mume wangu aliona nimefufuka. Akatoka mbio kwa furaha, akarudi na mto wako kila kwapa. Akaniegemeza. Akaipigapiga.

Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, alipopita tena alinikuta napiga filimbi upya. Akanitazama mimi, akaitazama mashine, kisha macho yake yakatua kwenye mito. Akauliza ndani mna nini.

"Manyoya halisi ya bata, daktari," mume wangu akajibu, kifua mbele. "Kazi ya mkono ya shangazi yake."

"Itoe."

"Nitoe upi?"

"Yote. Na wewe toka nayo, na tafadhali usiipigepige tena."

Akatoka. Alisimama mlangoni amekumbatia mito miwili kama mtu aliyefukuzwa kwake, na mlinzi akamwomba amwazime mmoja aweke kwenye kiti. Mimi nikavishwa kinyago tena. Nilipotulia, daktari akanieleza kwamba kuna watu hawapatani na paka, wengine vumbi, wengine karanga, na wengine manyoya ya mito au wadudu wadogo wasioonekana wanaojificha humo. Walinipima baadaye wakahakikisha. Mimi ni mtu wa manyoya.

Sasa nikasirikie. Mito yako haiko tena chumbani kwangu. Foronya nimezifua kwa maji ya moto, maua yako hayakuchuja hata kidogo, na foronya ziko kitandani kama ulivyotaka. Ila ndani nimejaza sponji. Nimelisema.

Manyoya sikuyatupa, mkono haukukubali. Mume wangu aliyashonea ndani ya kitambaa kipya huko uani, tukampelekea Mheshimiwa kuwa fidia ya kifungo chake. Mwalimu mkuu aliyapokea kwa niaba ya mlalamikaji, akatusamehe kwa hotuba fupi. Sasa paka analala kwenye bata wako tangu asubuhi, ukuta haukagui tena, na salamu zimerudi. Mume wangu naye nilimtangazia kwamba yuko huru kuoga ndani. Amekataa. Anasema kule uani ndiko anakopata habari za mtaa.

Nami nalala, Shangazi. Nalala kifudifudi, nalala chali, naamka napumua. Dawa yangu ya kila siku naivuta hata nikijisikia mzima, kwa sababu daktari alinionya kwamba kifua kikitulia ndipo watu wanapojidanganya. Ile ya dharura naiweka mfukoni pamoja na utepe wa kupimia.

Nimebakiza lililonifanya nichane karatasi.

Kabla hatujatoka hospitali, daktari aliuliza kama kuna mwingine katika ukoo mwenye kifua kama changu. Nikamjibu haraka kwamba hakuna. Mume wangu akauliza pale mlangoni, "Na Shangazi je?" Nikamwambia aache mambo yake, Shangazi ana kikohozi tu cha baridi, anacho tangu mimi ni mtoto. Kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe, nikamweleza daktari habari zako zote.

Mwaka jana ulipokuja kututembelea, nilikutandikia mito yako. Ukaikataa, ukasema zawadi ni ya mwenyewe, ukalalia ule mto mwembamba wa sponji wa wageni. Siku za mwanzo ulikohoa, halafu ukaacha. Uliwaambia watu wote kwamba hewa ya huku ina dawa. Hewa ya huku, Shangazi! Malori yanapita dirishani na mume wangu anapiga msasa milango uani. Siku ile Mheshimiwa alipoteleza ukutani akaangukia beseni la nguo, ulicheka mpaka ukashika fremu ya mlango, na kicheko kikaenda mpaka kikaisha chenyewe. Ukarudi kwako, kwenye kitanda chako chenye mito ya bata kichwani na miguuni. Tangu hapo kwenye simu unaanza kucheka vizuri, kikohozi kinaingia, kinakichukua kicheko kinaondoka nacho.

Daktari hajakuona, kwa hiyo hakusema una nini. Labda ni mzio kama wangu, labda ni kitu kingine. Alisema tu uende ukapimwe, na usingoje. Mimi naogopa. Siwezi kuwa huku napumua kwa raha huku wewe uko peke yako na bata, unavuta hewa na hewa haiji, na mtu wa kukuegemeza hayupo.

Aliyekuletea barua hii ni dereva wa basi, na amekupa furushi. Lifungue. Ni mto. Nimeushona mwenyewe kwa vipande vya sare vilivyobaki kazini, kwa hiyo utalalia rangi za shule kadhaa. Lile ua la pembeni nilikuwa naiga yako, likatoka kama buibui, usilicheke sana. Ndani ni sponji tupu. Najua ulichosema siku ya harusi yangu. Lakini kichwa chako kikilalia mto huu hakitakuwa cha mtu asiye na kwao. Kwao ni huku kwangu.

Hiyo mingine itoe chumbani, mpe mtu asiyepiga chafya. Bata uwaache hai na manyoya yao mpaka daktari aseme. Na Alhamisi asubuhi binamu mkulima wa nyanya atakupeleka kliniki, nimekwisha kupanga naye. Huyo usimwambie mtandao mbaya, atakuwa amesimama mlangoni kwako.

Nisalimie binamu huyo, na mkewe pia, ila usimwambie tulikuwa tunasema nini. Babu mdogo mpe shikamoo yangu na umkumbushe kunywa dawa zake. Mume wangu anakusalimu na anakuomba radhi kwa niaba ya mito. Bosi anakusalimu, anaulizia ulipojifunza kudarizi. Mwalimu mkuu anasema Mheshimiwa ameridhika na kazi yako.

Mungu akupe pumzi ndefu, na watu wa kuwapigia kelele kwa pumzi hiyo. Ukishatoka kliniki na kuulalia mto huu kwa muda, nipigie. Usinipe habari kwanza, wala usingoje shikamoo. Mwangalie yule bata jike, au likumbuke lile beseni, ucheke. Nitashika simu kimya, nisikilize mpaka kicheko kiishe chenyewe.

Ni mimi nikupendaye kwa mapafu yote mawili,
Mtoto wa kaka yako,
Mama Chafya.