Baba, Chupa Imerudi

Baba,

Shabani yuko njiani kuja kwako. Ameondoka sasa hivi kwenda kusali Ijumaa, na baada ya sala atapitia makaburini akusalimu. Anatembea mwenyewe, Baba! Kwa fimbo, ndiyo, na polepole kama bibi harusi, lakini anatembea. Unamjua mwanao: atakusomea Fatiha, kisha atasimama hapo kimya. Hatakuambia hata nusu ya yaliyotokea. Na kwa kuwa sisi wanawake wa nyumba hii hatuendi makaburini, nimekaa dukani nyuma ya meza yako, nimerudisha mlango nusu ili wateja wajue nina shughuli, nakuandikia mbio mbio kabla hajafika. Usinisute kwa mwandiko.

Kwanza ya nyumbani. Mama mzima, ameanza tena kugombana na wauza ndizi, kwa hiyo tumetulia. Watoto wa chuo cha Kurani wanakuja kila alasiri hapa barazani Kyebando kama zamani. Mwalimu Hamisi ndiye anayewasomesha, mtu mwema sana, ila sauti yake ndogo mno, hata jogoo wa jirani anamshinda. Wewe jogoo yule alikuwa akikuogopa. Udi bado unauzika, na kofia hazijambo. Kiti chako hakuna anayekikalia. Hatukukubaliana hivyo, imetokea tu.

Sasa hili la Shabani. Lakini siwezi kuanza kwake bila kupitia kwako.

Unakumbuka ulivyoikataa ile dawa ya kijani? Saratani ilikuwa imekwisha kuingia mifupani, hugeuki kitandani bila kuuma shuka, na Musawo Nakato, yule muuguzi aliyekuwa akija kukuangalia nyumbani, akakuletea chupa ya mofini ya kunywa. Ukamwambia, "Binti yangu, nimewafundisha watoto wa watu kwamba kilevi ni haramu. Leo niwe mimi wa kwanza kulewa?" Hakubishana nawe. Alikuuliza tu, kwa kile Kiswahili chake cha Kampala, "Hajji, leo wewe umesali?" Ulikuwa ukisali kwa macho, Baba, na hata macho yalikuwa yakikushinda. "Basi kunywa kidogo, ssebo, mzee wangu. Kama utalewa, mimi nabeba chupa yangu naenda."

Siku ile ile alasiri ukakaa kitako. Kesho yake ukaomba maji ya kutawadha, tukadhani tumesikia vibaya. Ukasujudu juu ya mto niliokuwekea, na Mama akatoka kwenda kulia nyuma ya nyumba ili usimwone. Ulipomaliza ukaniambia, "Zaituni, maumivu ndiyo yaliyokuwa yakinilevya." Sijapata kusikia neno lililonifurahisha kama lile. Ukarudi barazani. Ukaanza tena kuwasahihisha watoto matamshi, na yule jogoo akarudi kuwa na adabu.

Nacheka peke yangu nikikumbuka habari ya choo. Dawa ile hufunga tumbo, na Nakato kila akija swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo. Wewe, sheikh mzima, unajifunika uso kwa shuka na kujibu "Alhamdulillah," mtu asijue ni ndiyo au hapana. Ilibidi Mama atoe taarifa kamili.

Halafu Nakato akakuongezea kipimo, nawe ukaingia hofu. Ukaniita pembeni, "Mwanangu, na mimi nimekuwa kama Shabani?" Nilimpelekea swali lako, na jibu lake sitalisahau. "Hapana. Mzee ugonjwa umeongezeka, na mwili umezoea kidogo, hiyo si ulevi. Angalia wewe mwenyewe. Mzee akikunywa anarudi kwa watu. Shabani akimeza anatoka kwa watu."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Shabani hakuanza kwa uhuni, na wewe ulilijua hilo kuliko sisi. Magunia yalimwangukia kule bandarini karibu na Luzira, nyonga ikavunjika, na daktari akampa vidonge vya tramado. Vilimsaidia! Ndilo linalotia uchungu. Viliondoa maumivu, akalala, akacheka. Lakini daktari alipomwambia inatosha, yeye akaona bado, akawa anavinunua kwenye maduka ya dawa yasiyouliza swali. Mwili ukazoea, akaongeza. Akaongeza tena. Mwisho hakuwa akimeza kwa ajili ya nyonga, alikuwa akimeza ili asitetemeke. Mpaka ile asubuhi alipoanguka kifafa hapa mlangoni, povu mdomoni, mbele ya watoto wa chuo na misahafu yao mikononi. Wewe ulimshika kichwa kisigonge ngazi, na mgonjwa ulikuwa wewe.

Tangu siku ile ukaifungia chupa yako ndani ya sanduku la kofia, lile la mvule alilokuachia Babu, na ufunguo ukautundika kwenye tasbihi yako. Hatukukulaumu. Sijui kama uliwahi kumwona Shabani anavyolitazama lile sanduku. Mimi nilimwona. Hakuwa akiitamani dawa tu, Baba. Alikuwa akitazama mahali ambapo baba yake amemfungia nje. Na mle ndani, chini ya chupa, ilikuwamo kofia ya viua aliyokushonea Mama kwa mkono, ile uliyomwambia mbele yetu sote, "Hii ni yako, lakini kwanza hicho kichwa kirudi." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Ukafa hakijarudi.

Ngoja, nimefuta machozi. Haya ni ya furaha, usijali.

Baada ya kukuzika alikwenda mwenyewe kliniki, hakuna aliyemsukuma. Wakampunguzia vidonge kidogo kidogo, maana kuacha kwa ghafla kungeweza kumrudishia kifafa. Alitoka jasho, akaharisha, akatukana watu, kisha akaomba radhi kila mtu, hata mwenye jogoo. Akaacha. Tukaanza kupumua. Na tulipoanza tu kupumua, nyonga ikaharibika. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya, chuma kimelegea ndani, akawa hawezi kushuka ngazi. Daktari wa kule mlimani Nsambya akasema hakuna njia, lazima apasuliwe upya.

Nyumba nzima ikashikwa na hofu, na si hofu ya kisu. Tuliogopa dawa ya maumivu. Mama alikwenda na Shabani hospitali, nami nikawafuata, na Mama akamwambia daktari waziwazi, "Mwanangu huyu mpe panado tu, avumilie." Daktari, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, kumwacha na maumivu si kumlinda. Akiteseka sana ataitafuta dawa mwenyewe, na kule hakuna wa kumpimia." Akasema mwili uliokwisha kupumzika ukipewa kiasi cha zamani, pumzi inaweza kusimama usingizini. Kwa hiyo atapewa, lakini kidogo, kwa siku chache, pamoja na dawa nyingine zisizo za jamii ile, na mtu wa nyumbani ndiye atakayeshika chupa.

Baba, laiti ungemwona mwanao pale! Yule Shabani aliyekuwa akidanganya hata jina la siku, alikaa wima kitini akasema, "Daktari, andika kwenye faili langu kwamba nimewahi kutekwa na hizi dawa. Andika kwa herufi kubwa, asije mwingine akanipa bila kujua." Nilitaka kusimama nimpigie vigelegele mle mle ofisini. Mama alinibana mkono.

Akapasuliwa salama. Alipotoka hospitali akaja nyumbani na chupa. Ya kijani, Baba. Rangi ile ile. Nilipoiona nilikuona wewe kitandani na nikamwona yeye mlangoni na povu, vyote kwa pamoja. Sikujua niiweke wapi. Jikoni? Kabatini kwa Mama? Shabani alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umekunjamana kwa maumivu, akasema kwa sauti ndogo, "Iweke kwenye sanduku la Baba. Ufunguo tundika pale pale. Halafu wewe uuvae."

Nikauvaa. Nimetembea na tasbihi yako shingoni nikiuza udi, nikikaanga mihogo, nikilala nayo. Nilimpa kipimo alichoandika daktari na si tone zaidi. Musawo Nakato, aliposikia, akawa anapiga simu kuniuliza anapumua vipi, ana usingizi kiasi gani, na bila shaka, "Choo je?" Shabani naye akajibu "Alhamdulillah" na kujifunika uso. Damu yako kweli ile!

Sitakuficha, ilikuwapo siku mbaya. Kipimo kilikuwa kimeshuka, na alasiri moja akaniita, macho yake yale ya zamani. "Zai, leo nipe kidogo zaidi. Nyonga inauma." Nilimuuliza, "Ni nyonga inayouma, au ni yule mwingine?" Akageukia ukutani. Watoto walikuwa wakisoma barazani, na alikaa akiwasikiliza muda. Kisha akasema, "Ni yule mwingine. Usinipe. Nipigie Nakato." Alisema mwenyewe, Baba! Nakato akaja, wakazungumza mpaka Maghribi, na mimi nikapika pilau bila sikukuu yoyote.

Leo asubuhi daktari alisema mofini basi, zinatosha zile nyingine. Shabani aliniomba ufunguo. Nilisita, nakiri, naye akaona nasita na hakukasirika. Alifungua sanduku, akatoa chupa, akaiinua kwenye mwanga wa mlango ili mimi na Mama tuone. Dawa ilikuwamo. Imebaki! Nakato alikuwa amesimama hapo barazani anangoja, kama alivyokuja kuichukua yako baada ya maziko, maana haya mabaki hayaachwi majumbani. Shabani alimkabidhi mkono kwa mkono. "Musawo, rudisha. Mimi nimemaliza, yenyewe haijaisha."

Sanduku likabaki wazi. Kofia iko pale chini. Alisimama akaitazama, wala hakuigusa. Ni Mama aliyeinama akaichukua, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwapo, akamwambia, "Inama, wewe mrefu." Akamvika.

Kwa hiyo Baba, ukisikia fimbo ikigonga polepole kwenye kokoto, na salamu ya mtu aliyevaa kofia yako, usiulize ni nani. Ni yule uliyemngoja. Mpokee, na umsamehe kama atalia, anazoea tu kuwa mzima.

Tasbihi nimeirudisha juu ya kiti chako. Ufunguo siutundiki tena. Nakuahidi kwamba sanduku lile halitafungwa kwa ajili ya mtoto wako yeyote, na siku yule mwingine akirudi kumwita Shabani, maana Nakato anasema huenda akarudi, hatamkuta peke yake.

Lala salama, Baba yangu. Naona wateja wanachungulia mlangoni, na mimi nacheka peke yangu.

Binti yako,
Zaituni