Mbele ya Jeneza la Sajini

Helsen, karibu na Arolsen,
Waldeck.
18 Novemba 1858.

Mpendwa mwanangu Konrad,

Neema ya Mungu na ikufikie huko Wisconsin kabla ya maneno yangu. Hujambo? Mkeo na mtoto hawajambo? Sisi tunaamka kwa rehema zake, ingawa theluji imewahi mwaka huu na kifua changu hakinipi raha.

Keti kwanza, mwanangu, ndipo uendelee kusoma. Baba yako Justus, ndugu yangu mdogo, alitutoka Jumanne ya juma lililopita kwa homa ya mapafu. Tumemzika kando ya kanisa nililolichunga.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza jambo moja tu: je, baba amekusamehe kwa kutoroka jeshi? Nimeomba sana nisikufariji kwa uongo.

Alimtumikia Mtawala wetu robo karne bila doa, akapewa nishani ya msalaba, ambayo katika nchi ndogo kama yetu walio nayo ni wachache mno. Tangu ulipovuka bahari hakuivaa tena, hata siku za gwaride. Koplo Henner alizoea kumtania kilabuni: "Sajini, msalaba umeuzika kwenye pipa la kabichi nini?" Naye humjibu: "Cheka tu, Henner. Wanao wote walivaa sare. Mimi nitajivika vipi uaminifu, na nyumba yangu imetoa mtoro?"

Nilimsomea Maandiko, akageukia ukutani.

Desturi yetu waijua. Askari mwenye nishani akifa, mwanawe mkubwa hutangulia jeneza, ameibeba juu ya mto mdogo wa mahameli nyeusi. Kisha nishani hurudishwa kwa Mtawala. Siku moja kabla ya kifo, Henner alikuja akapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Sajini wangu, heshima hiyo niachie mimi."

"Huwezi, Henner. Mwenyewe yupo."

"Yupo wapi, bwana? Si yuko Amerika!"

"Nimesema yupo. Iwekeni juu ya jeneza. Mbele asitembee mtu."

Hakulitaja jina lako, Konrad. Neno msamaha hakulitamka, nami siwezi kulitia kinywani mwa marehemu.

Kesho nitaipeleka nishani Arolsen kwa Mtawala, haitabaki nyumbani. Nawe usije. Sheria ya watoro ingali inakungoja. Omboleza huko huko uliko.

Mama yako Friederike anakusalimu kwa machozi, na dada yako Lisette, na Henner pia, aliyekubali kutembea nyuma. Mungu aliyempumzisha baba yako akufunike ugenini, wewe na wote walalao chini ya dari lako.

Nikwambie hili, kisha niweke kalamu. Toka mlangoni hadi kaburini, mbele ya jeneza palikuwa patupu, upana wa mtu mmoja. Watu walinong'ona. Mama yako hakunong'ona; njia nzima aliitazama nafasi ile, kama mtu autazamaye mgongo wa mwanawe.

Ni mimi nikupendaye katika Bwana,
baba yako mkubwa,
Mchungaji Ehrenfried.